Mume Wangu, Mimi na Tenki la Lita 23

Pikipiki ilituishia mafuta katikati ya Hifadhi ya Mikumi. Lakini kasheshe lenyewe lilitusubiri nyumbani.

Jamani, wapo wanawake wanaofumania meseji kwenye simu. Mimi nilifumania tenki la pikipiki chini ya kitanda. Lilikuwa limeviringishwa kwenye shuka langu la harusi, jeupe na kubwa kama mbuzi wa sikukuu. Siku hiyohiyo nikagundua kwamba ile hela ya sofa, Sh 600,000 tulizodunduliza wote wawili, imepungua hadi ikabaki ya kununulia mto.

Tuanze mwanzo. Mume wangu ana Yamaha XT600. Aliinunua kabla hajanioa, kwa hiyo tukisema haki, yule ndiye bi mkubwa na mimi ndiye mdogo. Sina ugomvi naye. Tumekwenda naye Bagamoyo, tumekwenda naye Lushoto, na uchumba wetu nusu yake ulikuwa mgongoni kwake.

Siku ya Mikumi

Juni 2022 tulikuwa tunakwenda Iringa kumsalimia mama yangu. Kutoka Dar ni kama kilomita 500. Tenki la pikipiki yetu linaingia lita 13, na akiwa peke yake mume wangu hupata kama kilomita 20 kwa lita. Tukipanda wawili, na begi, na zawadi za mama mkwe wake, hizo 20 hazifiki.

Tulipofika Msamvu, Morogoro, nikamgusa bega. "Tujaze hapa."

"Mke wangu, naijua pikipiki yangu. Tutajaza Mikumi mjini."

Mimi ni mhasibu. Hesabu nilikuwa nayo kichwani: tumeshatembea karibu kilomita 190, na Mikumi mjini bado zaidi ya 100. Nikanyamaza. Ndivyo tunavyofanya wengi wetu, tunanyamaza ili safari iwe nzuri.

Barabara ile inapita ndani ya hifadhi kwa takribani kilomita 50. Hakuna uzio, na mnyama anavuka anapotaka. Saa kumi na mbili kasoro jioni injini ikaanza kukohoa. Mume wangu akapeleka mkono chini kwenye koki aigeuze iende rizevu. Akakuta iko rizevu tayari! Aliiacha hapo tangu wiki iliyotangulia, akasahau kuirudisha. Ile akiba tuliyokuwa tunaitegemea tulishainywa bila kujua.

Tukasimama juu ya lami, giza linaingia. Ng'ambo ya barabara, tembo watatu wanakula majani taratibu kama wageni wa harusi. Dereva wa lori la mizigo akasimama, Mungu ambariki, lakini lori linatumia dizeli. Akatuwashia taa na kukaa nasi hadi ikapita gari ndogo ya petroli, tukavuta lita mbili kwa mpira. Mume wangu ndiye aliyevuta kwa mdomo. Sikumwonea huruma.

Tulifika Iringa salama. Nilirudi Dar kwa basi.

Tenki chini ya kitanda

Miezi miwili ikapita sijapanda tena pikipiki. Nilikuwa na sababu kila wikiendi: nywele, kazi, kichwa kinauma. Ndipo nikakutana na lile tenki. Lilitoka Ulaya, limetumika, la Yamaha Ténéré ya mwaka 1986. Ténéré ni ndugu wa XT600, iliyotengenezwa kwa ajili ya safari ndefu na kupewa jina la jangwa lililoko Niger. Tenki lake la miaka hiyo linachukua lita 23.

Nilimaindi, sitaficha. Siku tatu tuliongea kwa "pita chumvi" na "zima taa". Siku ya nne akakaa pembeni ya kitanda akasema, "Sikulinunua kwa ajili ya pikipiki. Tangu Mikumi hujapanda. Nilifikiri nikileta tenki kubwa utapanda tena."

Nikamjibu, "Sikuacha kupanda kwa sababu mafuta yaliisha. Niliacha kwa sababu nilikwambia, ukasema unajua."

Kimya. Nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza ndani ya ndoa yetu tulizungumza bila kubishana. Tukakubaliana: hela ya sofa atairudisha kidogokidogo, tenki tutalifunga, na mimi nitakuwepo gereji kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Gereji

Mimi nilidhani unatoa moja, unaweka jingine, basi. Kumbe fundi alipoliweka juu ya fremu, raba za mbele zilikaa karibu sawa, lakini nyuma tundu la bolti halikukutana na kishikio. Kijana wake akataka kulichomelea tenki lenyewe kikono kingine. Fundi akamkemea: tenki lililowahi kuwa na petroli linabaki na mvuke hata likiwa tupu, na mvuke huo ukikutana na cheche unalipuka. Kishikio kipya kikachomelewa kwenye kipande cha chuma pembeni, kisha kikafungwa kwa bolti.

Halafu usukani. Ukikata kona hadi mwisho, mkono wa kulia unagonga tenki. Fikiria kidole gumba kikibanwa pale katikati ya foleni ya Ubungo! Wakaupandisha usukani kidogo, wakaupindua tena kushoto na kulia hadi ukapita.

La tatu ndilo lililonifundisha zaidi. Mabawa ya tenki lile yananing'inia chini pande zote mbili. Fundi akasema mafuta yaliyo chini ya usawa wa kabureta hayapandi yenyewe. Bila pampu ndogo, hayo ni mzigo tu. Nikamwambia tupime. Tukamimina lita moja moja hadi 23, kisha tukafungua koki tukaona yanayotoka. Lita mbili ziligoma. Kwa hiyo kwenye daftari langu tenki letu ni la lita 21. Hesabu nzuri ni ya kile unachoweza kukitumia.

Kabla hujabadilisha tenki

Kama mwenzi wako naye ana ndoto hizi, kaeni chini mzungumze haya:

- Pimeni kabla ya kununua: upana wa fremu, vishikio, nafasi ya usukani na mahali siti inapoanzia.
- Mulikeni ndani kwa tochi. Kutu ikiwepo isafishwe, na chujio jipya liwekwe kwenye mpira wa mafuta.
- Angalieni kifuniko kinapumua. Hewa isipoingia, mafuta hayashuki na injini inazima njiani.
- Mpira wa mafuta usiguse injini wala ekzosi. Jazeni kidogo kwanza, mkague kama panavuja.
- Lita 10 za ziada ni kama kilo saba na nusu, tena ziko juu. Pikipiki itayumba tofauti, hasa ikiwa na abiria. Izoeeni taratibu.
- Koki irudishwe "on" kila mkijaza. Sisi tumeandika kwa maka mekundu juu ya tenki.
- Na bei ijulikane na wote wawili kabla mzigo haujafika nyumbani.

Msamvu tena

Desemba 2022 tukaondoka tena kwenda Iringa. Kusema kweli sikuwa na amani. Nilipanda kwa sababu nilikuwa nimeahidi. Tenki lilijaa, hesabu nilizipiga mara mbili: tungepita Mikumi na kubaki na mafuta ya kutosha, ingawa Iringa yenyewe tusingefika bila kujaza.

Tulipokaribia Msamvu nikaona anawasha taa ya kukata kona, anaingia sheli. Tenki lilikuwa bado lina zaidi ya nusu. Nikamuuliza, "Vipi tena?"

Akavua helmeti. "Si ulisema tujaze hapa?"

Nilisema mwezi wa sita. Sikumkumbusha. Nilishuka, nikafungua pochi, nikalipa mimi.