Breki ya Mbele Inayobonyea: Gharama za Kupitia Kabla ya Kununua Pampu ya ABS

Mokambo ni mpakani. Anayetoka Lubumbashi kuelekea Mufulira huendesha upande wa kulia akiwa Kongo, na akishavuka tu anapaswa kushika kushoto, kwa kuwa hiyo ndiyo sheria ya Zambia. Hapo kuna malori, watembea kwa miguu na vumbi la barabara ya Pedicle inayokwenda Chembe. Leva ya breki ya mbele inayozama mpaka karibu na kishikio haivumiliki mahali pa namna hiyo, kwa sababu breki ya mbele ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha pikipiki.

Kama pikipiki ina ABS, yaani mfumo unaozuia gurudumu kujifunga, mara nyingi lawama ya kwanza hutupiwa ABS yenyewe, na mwenye pikipiki huambiwa atafute pampu nyingine. Pampu mpya hugharimu mamia ya dola, na kwa pikipiki kubwa za safari hupita dola 1,000. Hata hivyo, breki inayobonyea husababishwa zaidi na vitu vya bei ndogo: upepo ndani ya mirija, mafuta ya breki yaliyochoka, mpira wa breki (bomba la mafuta) uliozeeka au sili za masta silinda. Ushauri wetu ni kulipa kwa ngazi, ukianzia chini.

ABS hufanya nini, na haifanyi nini

Pikipiki nyingi za taksi katika Haut-Katanga hazina mfumo huu. Hupatikana zaidi kwenye pikipiki za injini kubwa. Ulaya imeulazimisha kwa karibu pikipiki zote mpya za zaidi ya cc 125 tangu 2017. India iliweka sharti linalofanana na hilo Aprili 2019, lakini ni kwa zile zinazouzwa nchini humo, kwa hiyo pikipiki ya Kihindi iliyouzwa Afrika huenda isiwe nayo. Unaponunua, usiridhike na maandishi ya ubavuni. Tazama kitovu cha gurudumu: lazima kuwe na pete yenye matundu au meno, na kando yake kihisi chenye waya.

Kihisi hicho hupima mwendo wa gurudumu. Gurudumu likikaribia kujifunga, pampu hupunguza nguvu ya mafuta, kisha huirudisha, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Leva hutetemeka mkononi. Mtetemo huo ni kazi ya kawaida, na kwenye changarawe utausikia mapema.

ABS haijui kama kuna upepo kwenye mirija. Taa yake huwaka unapowasha swichi na kuzimika ukianza kwenda, na kuzimika kwake huonyesha tu kwamba umeme na vihisi viko sawa. Leva inaweza kuzama huku taa imezima. Kwa hiyo fundi akikuambia taa haiwaki na breki ni nzima, bado hajakujibu.

Majaribio matatu yasiyo na malipo

Simamisha pikipiki, zima injini, kisha fanya haya.

La kwanza, bana leva harakaharaka mara nne au tano. Ikipanda na kuwa ngumu, halafu baada ya dakika chache ikarudi kuwa laini, kuna upepo, au pistoni za kalipa zinasukumwa nyuma. Pistoni husukumwa na diski iliyopinda au beringi ya gurudumu iliyolegea, kwa hiyo inua gurudumu la mbele, lizungushe, ulitikise.

La pili, bana leva kwa nguvu ileile kwa dakika moja. Ikizama polepole, mafuta yanapita mahali. Kagua maungio yote na kalipa. Ukikuta pamelowa, umepata jibu. Pakiwa pakavu, shuku sili za masta silinda, na baada ya hapo vali za ndani ya pampu ya ABS.

La tatu, mtu mmoja abane leva huku mwingine ameshika mpira wa breki. Mpira ukivimba mkononi, umekwisha. Usipovimba na leva ikabaki laini bila kubadilika, fungua kalipa utazame pini inazotelezea. Zikikwama kwa vumbi na kutu, pedi hukaa upande na leva hubonyea. Kuzisafisha na kuzipaka grisi ya breki ni kazi ya bei ndogo.

Ngazi ya kwanza: mafuta mapya na kutoa upepo

Hii ndiyo gharama ya kuanza nayo kwa karibu kila mtu: chupa ya DOT 4 ya dola chache na ujira wa fundi. Mafuta ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 hunyonya unyevu wa hewa. DOT 4 ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kipimo chake cha chini hushuka hadi nyuzi 155. Breki ikipata moto, maji hayo hugeuka mvuke, na mvuke hubanwa ilhali mafuta hayabanwi. Ndiyo sababu watengenezaji wengi huagiza mafuta yabadilishwe kila miaka miwili.

Kati ya chupa iliyofungwa na mafuta ya kupimiwa kutoka chupa iliyokaa wazi dukani, chagua iliyofungwa hata ikiwa ghali. Fundi aifungue mbele yako. DOT 5 iache, maana ni ya silikoni na haitakiwi kwenye ABS. DOT 5.1 huchanganyika na DOT 4, lakini kama kifuniko cha kikopo cha mafuta ya breki kimeandikwa DOT 4, hiyo inatosha. Mafuta ya injini au ya hidroliki yasikaribie kabisa, kwani huvimbisha sili na kukupandisha ngazi mbili za gharama kwa siku moja.

Wakati wa kutoa upepo, geuza usukani ili masta silinda iwe juu kuliko mirija, kwa kuwa upepo hukimbilia juu na kujificha kwenye boliti inayounga mpira na masta silinda. Kama bado kuna ulaini kidogo, funga leva kwenye kishikio kwa kamba ya mpira usiku kucha. Mara nyingi viputo vidogo hupanda hadi kwenye kikopo. Asubuhi toa upepo tena.

Ngazi ya pili: mpira wa breki

Mpira hauonekani kuwa mbovu mpaka uwe mbovu sana. Yamaha, kwa mfano, huelekeza mipira ya breki ibadilishwe kila miaka minne. Pikipiki ya mitumba yenye umri mara mbili ya huo na mipira yake ya kiwandani haihitaji mjadala mrefu.

Una chaguo mbili: mpira wa kawaida, au ule uliosukwa kwa waya wa chuma, ambao haupanuki kirahisi na hufanya leva iwe ngumu zaidi. Wa waya huwa ghali zaidi. Kumbuka pia kwamba pikipiki ya ABS huwa na mirija mingi zaidi, kwa sababu mafuta hutoka masta silinda kwenda kwenye pampu, kisha kwenda kwenye kalipa. Uliza bei ya seti nzima, pamoja na washa mpya za shaba kwa kila ungio. Washa ya zamani inayorudishwa huvujisha.

Ngazi ya tatu: masta silinda

Seti ya sili na pistoni ni nafuu kuliko masta silinda nzima, lakini hufaa tu kama ukuta wa ndani ni laini. Ukiwa na michubuko au kutu, sili mpya zitakatika mapema na utalipa mara mbili.

Kabla ya kununua chochote hapa, ziba tundu la kutokea mafuta kwa boliti nzima isiyo na tundu, kisha bana leva. Ikiwa ngumu kama jiwe, masta silinda ni nzima na kasoro iko mbele. Ikizama, umeipata. Pikipiki nyingi za Kijapani hutumia uzi wa M10x1.25, na breki za Brembo M10x1.0. Ukimaliza, toa upepo upya.

Ngazi ya nne: pampu ya ABS

Ukifika hapa kihalali, bado jaribu kitu kimoja: upepo ulionaswa ndani ya pampu. Baadhi ya pikipiki huhitaji mashine ya uchunguzi ili kuizungusha pampu wakati wa kutoa upepo. Uliza kabla ya kusafiri kama gereji inayo mashine inayosoma pikipiki ya aina yako. Pampu ya mtumba kutoka pikipiki iliyovunjwa ni nafuu, lakini hujui ilikaa na mafuta gani, na vali zake hazionekani kwa macho. Hatuishauri.

Mokambo, Zambia au Lubumbashi?

Ngazi ya kwanza imalize Mokambo. Kinachotakiwa ni chupa nzuri na fundi mwenye subira. Kwa mpira au sili, Mufulira iko karibu, na Kitwe na Ndola ziko mbele yake. Lakini usiivushe pikipiki yenye breki mbovu mpaka unaobadilisha upande wa barabara. Fungua kifaa, uvuke nacho mkononi pamoja na namba yake na ya fremu. Lubumbashi inafaa kwa kuagiza kifaa halisi kwa wakala au kutafuta mashine ya uchunguzi, na pikipiki ipakiwe kwenye gari.

Unapolinganisha bei, geuza faranga na kwacha kuwa dola, kisha jumlisha kifaa, ujira, nauli, forodha na siku ambazo pikipiki haitafanya kazi. Kwa dereva wa taksi, siku mbili za kusimama zinaweza kuzidi bei ya mpira wenyewe.

Uamuzi wetu: anza na DOT 4 mpya na kutoa upepo vizuri. Kama pikipiki ni ya zamani, ongeza mipira mipya wakati huohuo ili ulipe ujira mara moja. Masta silinda ifuate baada ya jaribio la boliti, na pampu ya ABS iwe ya mwisho. Mpaka leva iwe ngumu na ibaki ngumu, usibebe abiria.