Dawa tatu, presha bado juu: Kuna cha kufanya

Mama anameza dawa tatu za presha kila siku, lakini kila akipimwa imezidi 140/90. Nyumbani mnaanza kusema dawa hazimsaidii. Asiziache.

Madaktari huiita presha sugu inapogoma kushuka ingawa mgonjwa anatumia dawa tatu za makundi tofauti kwa dozi kamili, mojawapo ikiwa ya kukojosha. Kabla ya kuongeza ya nne, daktari atauliza: kuna siku anaruka dozi? Chumvi anatumia kiasi gani? Je, anameza diklofenaki au ibuprofeni kwa maumivu ya magoti? Dawa hizo zinaweza kupandisha presha.

Yote yakiwa sawa, ipo spironolaktoni, dawa ya siku nyingi. Utafiti wa PATHWAY-2 wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha inashusha presha sugu kuliko dawa nyingine mbili zilizolinganishwa nayo. Hata hivyo, inaweza kuzidisha potasiamu kwenye damu, hivyo potasiamu na figo hupimwa kabla ya kuianza na baada ya hapo.

Kliniki ijayo msindikize mama. Bebeni dawa zake zote, hata zile za magoti.