Mafuta ya Kunukia na Jina Lake Chupani

Katika nyumba zetu za huku milimani, toka Nduta hata Kasulu, mafuta ya mise hayakosi kazi. Akina mama huyapikia sabuni, na wengine huyachuja wakayapaka mwilini. Harufu yake si kila mtu aipendaye. Basi tulipopata kichupa cha mafuta ya karafuu, yale yatolewayo Pemba kwa mvuke, tulifurahi mno, hata tukasahau kupima. Tulitia kwa kukadiria, tukaandika juu ya chupa “Mafuta mazuri ya mwili,” basi.

Jirani akaichukua chupa moja ili ampake mwanawe mchanga. Usiku ule mtoto hakulala, na asubuhi shingo na makwapa yake yalikuwa mekundu kama yaliyounguzwa. Muuguzi alituuliza neno moja: Mmetia nini? Chupa haikusema, naye aliyechanganya alikuwa amekwenda sokoni Kasulu. Mtoto alipona baada ya siku chache, ila aibu ile ilitukalia.

Karafuu ina yujenoli nyingi sana, na hiyo ndiyo iwashayo. Wajuzi wa mambo haya husema mafuta ya karafuu yasizidi nusu ya sehemu moja katika mia. Yaani gramu 200 za mafuta zapokea gramu 1. Ipimwe kwa mizani, maana tone la chupa hii si sawa na tone la chupa ile. Mchaichai nao una sitrali, iwezayo kuwasha vilevile. Mafuta ya ndimu yaliyokamuliwa maganda bila moto yana hila nyingine: ayapakaye akatoka juani aweza kuungua.

Umoja wa Ulaya uliagiza mwaka 2003 kwamba vitu 26 vya harufu vitajwe kwa majina, visifichwe chini ya neno “manukato,” na mwaka 2023 orodha ikapita 80. Sitrali na yujenoli zimo. Wala si jambo geni kwa wasomao Kutoka sura ya 30: manemane, mdalasini, kane na kida, kila kimoja kwa jina na kwa uzani wake. Hapa Tanzania, atakaye kuuza na aende kwanza kwa Shirika la Viwango, TBS, lisimamialo vipodozi tangu 2019.

Sasa karatasi ya chupa zetu yasema: mafuta ya mise gramu 199, karafuu gramu 1, siku ya kuchanganywa, na chini yake, “Asipakwe mtoto mchanga.” Jirani yule aliisoma polepole, akairudisha, akaomba ile isiyo na harufu.