Kuli Naye Afanye Mazoezi?

Mwambie kuli wa Kariakoo kwamba anahitaji mazoezi, atakucheka. Tangu alfajiri anabeba magunia na kusukuma mkokoteni. Mazoezi, atasema, ni ya watu wa ofisini wenye viatu vya bei mbaya. Hoja yake si ya kupuuza. Mwaka 1953 Jerry Morris na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet uchunguzi juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na konda walifanya kazi katika basi lile lile, ila dereva alishinda amekaa huku konda akipanda na kushuka ngazi kutwa kukata tiketi. Makonda waliugua moyo kwa uchache kuliko madereva. Basi kazi inayochosha mwili ni dawa tosha, au sivyo?

Sivyo. Utafiti wa Denmark uliotolewa mwaka 2021, uliofuatilia watu zaidi ya 100,000 wa Copenhagen, ulikuta kwamba waliojishughulisha wakati wa mapumziko walipungukiwa na hatari ya ugonjwa wa moyo, lakini waliotumia nguvu nyingi kazini hatari yao iliongezeka. Mtu atabisha kwamba wafanya kazi ngumu ni maskini na huenda wanavuta sigara zaidi. Watafiti waliyapima hayo pia, na tofauti ikabaki. Maelezo yanayoingia akilini ni haya: anayetembea jioni huanza atakapo na husimama akichoka, ilhali mbeba mizigo hupandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu kwa saa nyingi bila mwili kupata nafasi ya kujirudi. Konda wa London alipanda ngazi, kisha akasimama akichenji hela. Alikuwa na pumzi katikati ya kazi, na nadhani hilo ndilo tulilolisahau katika habari yake.

Kwa hiyo mizani ya maisha haiwi moja kwa wote. Kila mtu atafute kile ambacho kazi yake inamnyima. Fundi cherehani na dereva wa bodaboda wanahitaji kunyanyuka. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na tangu mwaka 2020 halidai tena zije kwa mafungu ya dakika kumi kumi, kwa hiyo hata kushuka daladala kituo kimoja kabla ya kwako kunahesabika. Kuli na mama lishe wanahitaji kwanza kukaa.

Watakaa saa ngapi? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko ya saa nzima, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Mama lishe hana mwajiri wa kumdai hayo, na saa aliyokaa haimwingizii hata mia. Lakini mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki huongeza hatari ya kiharusi kwa asilimia 35, na kiharusi hufunga kibanda kwa miezi. Kumwambia apumzike tu ni ushauri wa bure, maana sokoni kwenyewe hakuna pa kukaa ila juu ya ndoo iliyogeuzwa. Halmashauri inayomtoza ushuru ingeanza kwa kuweka benchi lenye kivuli.