Mzigo ukilishusha gari, mrija wa usukani huwa hatarini

Nairobi na Dar es Salaam, vijana wanaopenda magari ya spoti hubadilisha springi ili gari likae chini, karibu na lami. Kusini mwa Maniema hakuna anayehitaji kugharamia kazi hiyo. Magunia ya mchele, madumu ya mafuta na abiria waliobanana hulishusha gari lenyewe, na barabara ya udongo humalizia kazi iliyobaki.

Chini ya boneti, matokeo ni yale yale. Mrija wa mafuta ya usukani, ambao kiwandani ulipitishwa mahali salama, unajikuta karibu na ardhi, karibu na tairi au karibu na bomba la moshi. Ukipasuka mjini, dereva hupata hasara ya siku moja. Ukipasuka kati ya Kasongo na Kabambare, hasara inaweza kuwa kubwa zaidi.

Njia ndefu, msaada mbali

Kasongo na Kabambare zimetenganishwa na zaidi ya kilomita 100. Njia hiyo ina historia: katika karne ya 19 miji hiyo miwili ilikuwa vituo vya misafara ya Tippu Tip na wafanyabiashara wengine wa pwani, na Stanley alipita humo mwaka 1876. Wakati huo mzigo ulibebwa kichwani. Leo unabebwa na pikipiki, malori na magari ya magurudumu manne, lakini mvua bado ndiyo inayoamua nani apite.

Malori yanapochimba mitaro miwili ya magurudumu, katikati hubaki tuta. Gari lililojaa huliburuzia tumbo. Jiwe au mzizi ukikutana na mrija unaoning'inia, mafuta humwagika yote kwa muda mfupi.

Katika tarafa ya Kabambare kuna jambo jingine la kufikiria. Maeneo ya machimbo ya dhahabu, hasa upande wa Salamabila na Namoya, yameshuhudia kwa miaka mingi mashambulizi ya makundi yenye silaha, likiwemo la Mai-Mai Malaika. Gari linaloharibika porini jioni si tatizo la fundi peke yake.

Mafuta yanavyofanya kazi

Pampu inayozungushwa na injini kwa mkanda husukuma mafuta hadi kwenye mashine ya usukani, nayo humsaidia dereva kugeuza magurudumu. Kuna mirija miwili. Wa kwanza hupeleka mafuta yenye shinikizo kubwa, na dereva akikata kona hadi mwisho shinikizo hilo linaweza kufika mara 70 hadi 100 ya lile la hewa ya kawaida. Wa pili huyarudisha kwenye kopo kwa shinikizo dogo.

Tofauti hiyo ndiyo inayowaponza mafundi wengi wa barabarani. Mpira wa maji au wa petroli uliofungwa kwa klampu unaweza kuonekana mzima gari likiwa limesimama. Ukiwekwa upande wa shinikizo kubwa, hupasuka au huchomoka kwenye kona ya kwanza ngumu. Hata upande wa kurudishia, mpira unaofaa ni ule uliotengenezwa kwa mafuta ya aina hiyo na kuvumilia joto lake.

Kuhamisha usukani

Kongo huendesha upande wa kulia wa barabara, lakini magari mengi yanayoingia mashariki mwa nchi yametoka Japani kupitia bandari za Afrika Mashariki, usukani ukiwa kulia. Baadhi ya wamiliki huagiza uhamishwe kushoto. Hapo mashine ya usukani hubadilishwa, na mirija ambayo ilikuwa na njia yake inabidi itafutiwe njia mpya.

Fundi wa gari la spoti lililoshushwa na fundi anayehamisha usukani wanakabiliwa na maswali yale yale matatu.

La kwanza ni joto. Mafuta ya usukani yanaweza kuwaka, na bomba la moshi lililo karibu na injini huwa na joto la kutosha kuyawasha. Mrija upite upande mwingine. Ikishindikana, uwekewe ngao ya bati yenye nafasi ya hewa katikati.

La pili ni mtikisiko. Injini hucheza juu ya raba zake, ilhali mashine ya usukani imefungwa kwenye fremu. Bomba gumu la chuma likiunganisha viwili hivyo moja kwa moja, litakatika. Lazima pawepo kipande cha mpira chenye urefu wa kupumua, bila kukunjwa kwa nguvu.

La tatu ni nafasi. Mrija usiwe kitu cha chini kuliko vyote. Upitishwe juu ya chuma cha kukingama kinachobeba injini, ufungwe ili usisugue popote, kisha magurudumu yageuzwe hadi mwisho kulia na kushoto kuona kama tairi linaugusa.

Baada ya kazi, hewa hutolewa. Magurudumu ya mbele huinuliwa, usukani huzungushwa taratibu mwisho hadi mwisho injini ikiwa imezimwa, huku mafuta yakiongezwa. Kisha injini huwashwa na zoezi hurudiwa. Mafuta yakitoa povu, hewa bado imo. Usukani usishikiliwe mwishoni zaidi ya sekunde chache, kwa kuwa shinikizo hupanda na pampu huchemka.

Mrija ukipasuka njiani

Gari halipotezi usukani kabisa, kwa sababu kiunganishi cha chuma bado kipo, ila usukani huwa mzito ghafla. Dereva apunguze mwendo, asimame, azime injini na kuangalia kama mafuta yamefika kwenye bomba la moshi. Pampu ikiendelea kuzunguka bila mafuta itakufa. Pale ambapo mkanda wake ni wa peke yake, unaweza kuvuliwa na safari ikaendelea polepole. Pale ambapo mkanda huo huo unazungusha pampu ya maji, kuuvua kutachemsha injini.

Magari mengi madogo ya miaka ya karibuni yana usukani wa umeme, hivyo hayana mirija hii. Lakini malori na magari makubwa ya zamani, ambayo ndiyo yanayobeba mizigo mizito, bado yanaitegemea.

Kwa hiyo ukaguzi wa maana si ule unaofanywa gari likiwa tupu gereji. Ufanywe asubuhi ya safari, mzigo ukiwa umepakiwa na abiria wameketi. Hapo ndipo mrija unapoonekana mahali utakapokuwa kweli njiani.