Kabla ya Kubadilisha Sakafu ya Mbao ya Bustanini

Mbao zinazotengenezwa kwa unga wa mti na plastiki haziozi upesi, wala hazihitaji kupakwa rangi kila mara. Ndiyo sababu wengi huzichagua pindi sakafu ya mbao ya bustanini inapochakaa. Hata hivyo, mnunuzi akumbuke kwamba bidhaa hii hubadilisha uso wa sakafu tu. Boriti zinazoubeba kwa kawaida hubaki za mti, nazo huweza kuoza au kuliwa na mchwa.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, ng'oa mbao chache, kisha dunga boriti kwa bisibisi: ikizama kwa urahisi, boriti hiyo ibadilishwe. Pima pia nafasi baina ya boriti. Mbao za mchanganyiko hulegea zaidi ya mbao za mti, hivyo watengenezaji wengi hutaka nafasi isiyozidi sentimita 40 hivi. Ukiizidisha, waweza kupoteza haki ya dhamana.

Mbao kuukuu usizitie moto: baadhi zilitiwa dawa yenye aseniki, na moshi na majivu yake ni sumu.

Mwisho, dai dhamana kwa maandishi na uhifadhi risiti.