Unajenga Ndege ya Rimoti? Shika Hapo Kwanza Kabla Ununue Mota

Kama umemaliza bando usiku ukicheki wasee wakirusha ndege za rimoti, na sasa unataka kujijengea yako, kuna kosa moja itakukulia doh. Najua juu mimi nililifanya.

Ndege yangu ya kwanza niliiunda na ile fomu nyepesi. Nikaingia tao, nikaambia msee wa duka anipee mota kali kabisa. Hakuniuliza hata ndege ina uzito gani. Siku ya kuirusha, mbogi yote ya mtaa ilikuja kwa fildi. Ndege ikatoka kama risasi, lakini mota ilikuwa nzito sana, pua ikavutwa chini, sekunde nne ikadunda chini. Thao tatu ndio hiyo imeenda. Watoto walinicheka wiki nzima.

So form ni gani? Usianze na mota, anza na mizani.

Pima ndege yote: bodi, betri, mota unayofikiria, kila kitu. Huna mizani? Mwambie msee wa bucha akupimie. Tuseme imekuja gramu 800.

Sasa tafuta wati. Wasee wa hii game hukadiria hivi:

- Ndege ya kujifunzia: wati 110 hadi 150 kwa kila kilo.
- Ya kupiga sarakasi za kawaida: karibu wati 220 kwa kilo.
- Ya kuning'inia hewani na propela: wati 330 kwenda juu.

Wewe bado unajifunza, usijidanganye. Kilo 0.8 mara 150 ni wati 120. Hiyo tu.

Wati ni volti mara ampea. Betri ya lipo ya seli tatu ni volti 11.1. Gawa 120 kwa 11.1, unapata kama ampea 11. Kwa hivyo ESC, ile kadude inapimia mota moto, isikuwe ya ampea 10, itaungua. Chukua ya 20 ndio ukue na nafasi.

Hapa kwa KV ndio wengi huchezwa. KV si kilovolti na si nguvu. Ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti, kama mota haina propela. Mota ya KV 1000 kwa volti 11.1 inazunguka kama mara 11,100. Ifikirie kama gia za mathree. KV ndogo ni gia ya kupanda mlima: inazungusha propela kubwa polepole, inavuta fiti. KV kubwa ni gia ya Thika Road: propela ndogo, mbio tupu. Ndege ya kujifunzia inataka ile ya mlima. Kwa gramu 800, mota ya 2212 ya KV 1000 na propela ya 10 kwa 4.5 itakubeba poa.

Hizo namba za propela ni inchi: ya kwanza ni urefu, ya pili ni vile ingesonga mbele ikizunguka mara moja. Ukiweka kubwa zaidi, mota inakula ampea zaidi. Irushe dakika moja, ishukishe, toa betri, alafu gusa mota. Kama huwezi kuishika, punguza propela kabla uone moshi.

Ingine ni hii: kaa mbali na njia za ndege za ukweli, na uulize KCAA kuhusu sheria kabla urushe.

Ndege yangu ya pili niliipima bucha kwanza. Ilipaa, ikazunguka fildi, ikatua. Wale watoto walinicheka? Siku hizi wanapiga laini wakingoja zamu ya kushika rimoti.